Bolti Iliyogoma Katika Mji wa Shaba

Miongoni mwa kazi ambazo mwenye gari anaweza kuzifanya mwenyewe nyumbani, kufungua bolti za ekzosi ndiyo inayodanganya zaidi, kwa kuwa maelezo yake humalizika kwa sentensi moja, ilhali utekelezaji wake unaweza kumaliza siku mbili na ngozi ya vidole. Ekzosi ni mfumo wa mabomba unaoanzia kwenye manifoldi, yaani kipande cha chuma chenye matawi kilichofungwa ubavuni mwa injini ili kukusanya moshi wa kila silinda, ukapita chini ya sakafu ya gari hadi kwenye sailensa, mtungi unaopunguza mlio, na kuishia mkiani. Vipande hivyo huunganishwa kwa flenji, ambazo ni sahani nene zenye matundu, na flenji hubanwa kwa bolti na nati zilizokaa mahali pabaya kuliko bolti nyingine zozote za gari: zinachomwa na moto wa injini, zinarushiwa tope na magurudumu, na bomba linalopita kando yake hubeba mvuke wenye tindikali.

Katika mtaa wa Karavia mjini Lubumbashi, jirani na ziwa dogo, uwanja wa gofu na hoteli kubwa yenye jina hilohilo, mahali pa kufanyia kazi hiyo ni lupango, neno ambalo wakazi wa mji huo hulitumia kwa kiwanja cha nyumba kilichozungushiwa ukuta au ua. Mengi ya magari yanayoegeshwa katika lupango za mji huo yamenunuliwa yakiwa yameshatumika ughaibuni, na usukani wa kuume unaoonekana kila barabara, katika nchi ambayo sheria yake ni kuendesha upande wa kulia, unatosha kueleza kwamba mengi yalitoka Japani yakapita bandari za mashariki au kusini mwa Afrika na kuingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Jambo hilo lina uzito katika mada hii. Gari lililokaa miaka kumi katika nchi ya theluji limepita juu ya chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, kisha likasafiri wiki kadhaa baharini, na hatimaye likakutana na udongo mwekundu wa Katanga, eneo ulimo mji huo, ambao wakati wa masika hugeuka tope zito linalong'ang'ania chini ya gari na kuhifadhi unyevu hata baada ya mvua kukatika. Kutu inayopigwa vita mwezi wa Agosti chini ya mwembe wa Karavia mara nyingi ilipandwa katika baridi ya mbali sana.

Mji wenyewe pia unaijua tindikali. Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi, ambacho dohari lake refu na kilima chake cheusi cha masalia ya tanuri ndizo alama za mji, kilianza kazi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa kwa jina la Élisabethville, na kwa miongo mingi kilitoa hewani dioksidi ya salfa, gesi ambayo ikikutana na unyevu huzaa tindikali. Upepo wa kusini-mashariki uliisukuma gesi hiyo upande wa kaskazini-magharibi, na ardhi iliyopoteza miti yake upande huo bado inashuhudia. Ndani ya ekzosi hutokea jambo la namna hiyohiyo kwa kiwango kidogo, kwa sababu salfa iliyomo katika mafuta huungua pamoja nayo, na lita moja ya petroli, ikiungua kikamilifu, hutoa takriban lita moja ya maji katika umbo la mvuke. Gari likisafiri mwendo mrefu, mvuke huo hutoka wote mkiani ukiwa moto; likifanya safari za dakika tano tano kati ya nyumbani, shule na soko, mabomba hayapati joto la kutosha, mvuke hugeuka maji, na maji hayo hulala ndani ya sailensa na kwenye viungo yakila chuma usiku kucha.

Ni muhimu kueleza kwa nini bolti hugoma, kwa sababu mtu asiyejua sababu hana silaha nyingine isipokuwa nguvu, na nguvu ndiyo inayokata bolti. Hesi, yaani mfereji wa mzunguko uliochongwa kwenye bolti na ndani ya nati, haikamatani kabisa hata pale inapokazwa. Daima hubaki mwanya mwembamba kati ya mfereji mmoja na mwenzake. Maji na oksijeni hupenya humo na kukigeuza chuma kuwa kutu, na kutu, tofauti na inavyodhaniwa, haipunguzi ujazo bali huuongeza, kwani huchukua nafasi kubwa mara mbili hadi sita kuliko chuma kilichoizaa. Mwanya uliokuwa umeachwa kwa makusudi kiwandani hujaa, kisha hushindiliwa, mpaka bolti na nati zinakuwa kama kitu kimoja. Moto huongeza ubaya huo kwa njia yake, kwa kuwa karibu na manifoldi chuma hupata joto la mamia ya nyuzi, hufanya magamba magumu juu ya uso wake, hutanuka mchana na kusinyaa usiku kwa maelfu ya mara, na mafuta yoyote yaliyopakwa siku ya kufungwa huwa yameungua zamani. Kwa hiyo bolti iliyogoma haishikiliwi na mkono wa aliyeikaza. Inashikiliwa na kitu kilichozaliwa baadaye, nacho hakiondoki kwa kuvutwa.

Hesabu ndogo inaonyesha hatari ya kuvuta. Bolti ya kipenyo cha milimita 8 ya daraja la 8.8, ambalo ni daraja la kawaida katika magari, hukazwa kwa nguvu ya kuzungusha ya takriban nyutoni-mita 25, kipimo kinacholingana na uzito wa kilo mbili na nusu ulioning'inizwa mwishoni mwa spana ya urefu wa mita moja. Fundi anayechomeka bomba la mita moja kwenye mpini wa spana na kulilalia kwa uzito wa kilo 20 tu hutoa karibu nyutoni-mita 200, yaani mara nane ya kiasi hicho, na hakuna bolti ya ukubwa huo inayoweza kuhimili. Bomba refu lina nafasi yake katika kazi za magurudumu na za chasi. Kwenye ekzosi, karibu kila mara hubadili tatizo la saa moja kuwa tatizo la siku nzima.

Kazi huanza siku moja au mbili kabla ya spana kuguswa. Brashi ya waya hupitishwa kwenye ncha ya bolti inayochungulia nje ya nati, kwa kuwa hesi hiyo iliyo wazi ndiyo nati itakayoipita ikitoka, na magamba yaliyoachwa hapo yatakuwa kabari mpya hata kama kutu ya ndani imekwishalegea. Baada ya hapo hutiwa mafuta ya kupenya, ambayo mafundi wa Lubumbashi, wanaoviita vifaa vyao vingi kwa Kifaransa, huyaita dégrippant, na sifa yake ni wepesi: huvutwa ndani ya mwanya mwembamba kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, hata kuelekea juu. Mkebe maarufu wa WD-40 ulibuniwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye makombora, si kwa kupenya hesi zilizokwama. Unasaidia, lakini mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa kupenya husaidia zaidi. Mafundi wa nchi nyingi hutengeneza yao kwa kuchanganya nusu kwa nusu asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, mchanganyiko unaopaswa kutikiswa kila mara kwa sababu hujitenga, na ambao hushika moto kwa urahisi mno. Mafuta ya taa peke yake pia hupenya vizuri. Kinachozidi aina ya mafuta ni muda, kwani kupaka asubuhi, jioni na asubuhi ya pili, huku bolti ikigongwagongwa kidogo kila mara ili mtetemo uyafungulie mafuta njia, huzaa matokeo ambayo mkebe mzima uliomwagwa kwa mara moja hauyapati.

Uchaguzi wa soketi hustahili uangalifu uleule. Soketi ya pembe 12 huingia kirahisi, lakini hushika nati kwenye ncha za pembe zake, na nati iliyoliwa na kutu huviringika ndani yake kama kokwa. Soketi ya pembe sita hushika bapa za nati na kugawa nguvu. Magari ya Japani na ya Ulaya hutofautiana hapa: bolti ya milimita 8 ya gari la Kijapani mara nyingi ina kichwa cha 12 na ile ya milimita 10 kichwa cha 14, ilhali kwenye gari la Ulaya hukutwa 13 kwa ya kwanza na 16 au 17 kwa ya pili. Kutu ikishaila nati hata soketi yake halali ikalegea, ile iliyo ndogo kwa milimita moja hugongewa juu yake kwa nyundo mpaka ikae barabara, na kugonga huko kwenyewe huipasua kutu ya ndani.

Mzunguko wa kwanza haupaswi kuwa wa kufungua. Nati husukumwa kwanza kidogo upande wa kukaza, kiasi cha kusikika mlio mfupi wa kutu inayovunjika, ndipo hurudishwa upande wa kufungua. Ikitembea robo ya mzunguko na kuanza kuwa nzito tena, hurudishwa ndani, hutiwa mafuta, na kutolewa upya. Anayeiacha iendelee kutoka kwa nguvu huku ikiwa nzito huisaga kutu kuwa unga unaojipakia mbele ya hesi, na nati iliyokuwa imekubali hukwama katikati ya njia, mahali pabaya kuliko ilipokuwa mwanzo. Mafundi wazoefu huitambua hali hiyo kwa mkono kabla haijatokea, kwa kuwa bolti inayofunguka hutoa ukinzani wa mikwaruzo, ilhali inayoelekea kukatika huzunguka kwa ulaini wa kutia shaka, kama nta, bila nati kusogea.

Mafuta yakishindwa, hufuata moto, na hapa ndipo ilipo elimu hasa ya kazi hii. Chuma hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni moja kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, kwa hiyo tundu la nati ya milimita 10 iliyopashwa joto kwa nyuzi 300 zaidi huongezeka upana kwa karibu sehemu nne za mia za milimita. Kiasi hicho ni kidogo kwa jicho lakini ni kikubwa kwa kutu, ambayo haitanuki sawa na chuma na ambayo huvunjika badala ya kunyumbuka. Sharti lake ni moja: ipashwe nati, bolti ibaki na ubaridi wake, ili kitu cha nje kitanuke na cha ndani kisitanuke. Tochi ndogo ya gesi inayochelewa huvipasha vyote viwili kwa pamoja na faida hupotea, na ndiyo maana mwali wa oksijeni na asetilini, ambao kwa Kifaransa cha gereji huitwa chalumeau, hufanya kwa sekunde chache kile ambacho mwali mdogo haukifanyi kwa dakika kumi. Nati ikianza kuwa nyekundu, mwali huondolewa na spana huwekwa papo hapo. Njia nyingine ni kuiacha ipoe hadi isiunguze mate, kisha kuigusa kwa mshumaa, kwa sababu nta inayoyeyuka huvutwa ndani ya hesi kama mafuta ya kupenya, nayo haiungui haraka kama mafuta mepesi. Katika mji ambao umeme wa shirika la SNEL hukatika mara kwa mara, nyumba nyingi huwa na mshumaa, na kifaa hicho cha senti chache kinastahili heshima kubwa zaidi katika sanduku la fundi.

Moto chini ya gari hauhitaji ujasiri bali mpangilio. Tangi la petroli na mabomba yake hupita karibu na ekzosi, na mvuke wa petroli hushika moto hata hewa ikiwa baridi kupita yoyote iliyowahi kupimwa Katanga. Mafuta ya kupenya yaliyotiwa jana bado yamo, na mchanganyiko wenye asetoni haupaswi kuwepo kabisa siku ya mwali. Mpira, nyaya na rangi ya sakafu hukingwa kwa bati au kwa gunia lililoloweshwa, mtungi wa kuzimia moto au ndoo ya mchanga huwekwa mahali mkono unapofika, na mtu wa pili husimama nje ya gari akiangalia. Nati iliyopakwa zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomletea anayeuvuta homa ya saa kadhaa, kwa hiyo kazi hiyo ni ya uwanjani, si ya ndani ya banda lililofungwa. Kabla ya yote hayo, gari huinuliwa kwa jeki lakini hulazwa juu ya stendi za chuma, kwa kuwa jeki ni chombo cha kuinulia tu. Katika lupango isiyo na sakafu ya saruji, ubao mpana huwekwa chini ya kila stendi, maana udongo ulioloa wakati wa masika humeza mguu wa stendi polepole bila kutoa taarifa. Miwani ya kinga huvaliwa tangu mwanzo, kwa sababu anayelala chali chini ya ekzosi ndiye anayepokea kila gamba linalodondoka.

Ipo pia hekima ya kutofungua. Pale flenji mbili zinapobanwa kwa bolti inayopita tundu moja kwa moja na kutokea upande wa pili, kuikata kwa msumeno wa chuma au kwa grenda na kununua mpya ni uamuzi wa busara, kwani thamani ya bolti ni ndogo mno ukilinganisha na asubuhi nzima. Hali hubadilika kabisa kwenye stadi, yaani bolti isiyo na kichwa ambayo upande wake mmoja umezamishwa kwenye mwili wa injini na upande wa pili hupokea nati. Stadi ikikatika usawa wa injini, hakuna cha kushika, na mwili huo wa injini mara nyingi ni alumini, metali laini ambayo makosa ya keekee huiharibu moja kwa moja. Kwa sababu hiyo, nati za manifoldi hupewa subira ya kupita kiasi, na ikibidi, nati yenyewe hupasuliwa kwa tindo au hukatwa ubavuni kwa uangalifu ili stadi isalimike.

Stadi ikikatika licha ya yote, njia iliyo bora ni ya mwenye mashine ya kuchomelea: nati mpya huwekwa juu ya kisiki kilichobaki, kikachomelewa kupitia tundu la nati, na joto la kuchomelea lenyewe hufanya kazi ya tochi kutoka ndani. Alumini, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hulegeza mshiko wake, na kisiki kilichopoa kidogo hutoka kwa spana ya kawaida. Waya hasi ya betri huondolewa kabla ya kuchomelea ili vifaa vya kielektroniki visiungue. Vyombo vya kung'olea visiki, vile vinavyozamishwa katika tundu lililotobolewa katikati, huuzwa kwa wingi na husifiwa kwa wingi, lakini vimetengenezwa kwa chuma kigumu kinachovunjika kama glasi, na kikivunjikia ndani ya stadi hakuna keekee ya kawaida inayokiingia. Asiyekuwa na uhakika na mkono wake hapaswi kuanzia hapo.

Ushindi wa kweli, hata hivyo, hupatikana siku ya kufunga, na hapo wakazi wa Lubumbashi wana sababu ya pekee ya kusikiliza. Jimbo lao la zamani la Katanga liliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997, na karne nyingi kabla ya reli kufika, wayeyushaji wa Katanga walikuwa wakimimina misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha, misalaba ambayo mitatu yake ilichorwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960. Shaba hiyohiyo ndiyo adui mkuu wa bolti kugoma. Grisi ya shaba, yaani grisi iliyochanganywa na unga laini wa shaba nyekundu, hupakwa kwenye hesi kabla ya kufunga; joto la ekzosi litaiunguza grisi, lakini unga wa shaba, ambao hauyeyuki mpaka nyuzi 1,085 na ambao haushiki kutu kama chuma, utabaki kati ya hesi mbili na kuzizuia zisigusane. Watengenezaji wengi wa magari hutumia pia nati za shaba ya manjano kwenye stadi za ekzosi, mchanganyiko wa shaba na zinki ambao ni laini kuliko chuma, ili siku ya ubishi iharibike hesi ya nati na si ya stadi. Shaba na zinki zote mbili zimewahi kuchimbwa Kipushi, umbali wa kilometa 30 hivi kutoka Lubumbashi, na bado bolti za magari yanayopita barabara hiyo hufungwa kavu, chuma kwa chuma, na kukatwa kwa msumeno baada ya miaka mitatu. Upungufu huo hautokani na umaskini, kwani kiasi cha grisi kinachohitajika kwa gari zima hakizidi kijiko cha chai. Unatokana na haraka ya gereji na mazoea ya kumwachia fundi wa kesho taabu ya leo.

Hesi iliyopakwa grisi huteleza, kwa hiyo nguvu ya kukaza hupunguzwa kwa takriban moja ya tano, la sivyo bolti huvutwa kupita kiasi bila aliyeikaza kuhisi. Gasketi, utepe unaoziba mwanya kati ya flenji mbili, huwekwa mpya kila mara, na bolti za flenji moja hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, ili flenji isikae upande. Baada ya safari ya kwanza yenye urefu wa kutosha kuupasha mfumo mzima, kwa mfano kwenda Kipushi na kurudi, gari huachwa lipoe usiku kucha, na asubuhi yake spana hurudishwa kwenye kila nati, kwa maana gasketi mpya huwa imesinyaa na nati zilizokazwa jana huwa tayari zina nafasi ya kuzunguka kidogo zaidi.